Ngao ya Grauholm

Hapo zamani, zamani ya wafalme wengi na akili chache, palikuwa na ukoo wa makabaila ukiitwa Grauholm. Kwao ni kaskazini kabisa, pale Wajerumani wanapopakana na Wadenmark, penye baridi ya kumtoa ng'ombe machozi. Na wewe unayecheka hapo nyuma, usidhani ni ukoo wa kuokota njiani. Hawa walikuwa na vyeo vya kujaza gunia.

Babu yao wa kwanza alimtoa mfalme wa Denmark kwenye kinamasi, mfalme mzima amezama hadi kiunoni, taji limemkaa upande. Akaambiwa, chukua ardhi yote ambayo farasi wako ataizunguka kabla hajachoka. Yule mzee akabadilisha farasi njiani mara mbili! Mwizi tangu siku ya kwanza, ila mwizi mwenye ardhi huandikwa vitabuni kuwa mwasisi. Mjukuu wake naye akampelekea kaisari wa Wajerumani farasi weusi arobaini, akarudi na cheo cha Grafu. Basi ardhi ikawa ya Denmark, cheo kikawa cha Ujerumani, na ukoo ukasimama miaka mia tatu mguu huku, mguu kule, ukijisifu kwa lugha mbili.

Sasa sikieni desturi yao. Kanisani, juu ya kiti chao, ilining'inia ngao ya mbao yenye picha ya korongo wa kijivu. Akifa mwanamume wa mwisho wa ukoo, ndugu aliyebaki huishusha ngao, huipiga nyundo tatu juu ya jeneza, vipande huzikwa na maiti. Hapo ukoo umekwisha. Jina limekufa, cheo kimekufa, hakuna wa kukifufua. Na yule babu wa kwanza, akiwa amelewa siagi na bia, aliandika kwenye hati ya shamba: "Siku ngao itakapovunjwa, ardhi iwe ya wale wanaoilima." Aliandika kwa kejeli, maana siku hiyo hakuiona popote. Lakini muhuri aliugonga. Watwana wa Grauholm hawakujua kusoma hata herufi moja, ila mstari huo kila mtoto wao aliujua kabla hajaota meno.

Zikapita enzi, akaja Grafu Detlev. Huyu alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza Heilwig, mwenye kichwa kuliko wote, lakini alizaliwa msichana, na kwao msichana harithi hata kizingiti. Siku aliyozaliwa aliandikishwa kwenye nyumba ya mabinti wa makabaila: chumba kimoja, kitanda kimoja, dirisha moja, akae humo akishona mpaka afe. Baada yake wakaja Henning na Iven, wanaume, vichwa vyepesi kama mapovu.

Vita vikazuka, Wadenmark na Wajerumani wakigombania nchi ileile. Grafu Detlev akawaita wanawe mezani.

"Henning, wewe nenda kwa Wadenmark. Iven, wewe nenda kwa Wajerumani."

"Baba, tukikutana je?" Henning akauliza.

"Msilenge shabaha. Ashinde huyu, ashinde yule, Grauholm haishindwi."

Heilwig alikuwa anamimina supu. Akasema, "Baba, hao ni wanao au ni karata?"

"Wewe una chumba chako kinakungoja," mzee akamjibu. "Mimina."

Wakaondoka. Na kabaila haendi vitani akijibebea sanduku mwenyewe, hata kidogo. Mkulima mkuu wa shamba aliitwa Jes Matzen, mtu wa maneno machache, mwenye mabega kama mlango wa ghala. Alikuwa na wana wawili, Nis na Matz. Henning akamchukua Nis ambebee sanduku, Iven akamchukua Matz. Hakuna aliyemuuliza Jes.

Farasi wakachukuliwa na jeshi. Vijana wakachukuliwa na jeshi. Mzee Detlev akapooza upande mmoja. Nani akalima? Heilwig! Alivua viatu vya hariri, akavaa viatu vya mbao, akashika plau. Jes akavuta mbele na ng'ombe dume, Heilwig akasukuma nyuma. Mwaka wa kwanza viganja vilipasuka. Mwaka wa pili viliota sugu. Mwaka wa tatu alikuwa anajua kila jiwe la shamba lile, akaanza kuiita ardhi "yangu" kimoyomoyo, kama mtu anayeiba sukari.

Ndipo ikaja habari ya vita vikubwa karibu na mto, moshi mpaka askari haoni mkono wake. Jeshi la Henning upande huu, jeshi la Iven upande ule. Heilwig akamtuma Jes akawatafute wote.

Jes akamkuta Henning amekufa. Akamkuta Nis kando yake, bado amekumbatia sanduku. Akavuka mto, akamkuta Matz shimoni na wenzake. Wana wake wote wawili wamekufa, mmoja kila upande, na hakuna kati yao aliyewahi kushika bunduki. Mwishowe akamkuta Iven kwenye banda la ng'ombe la watu wasiomjua, mzima.

"Jes, mimi ndiye niliyempiga Henning risasi," Iven akasema. "Kofia yake ilipoanguka ndiyo nikamjua. Siwezi kumtazama baba. Chukua pete yangu. Sema nimekufa."

"Mwinyi mdogo, neno hilo ni zito."

"Nakuamuru, Jes! Wewe ni wa kuamriwa!"

Jes akaichukua pete.

Akarudi, akaiweka mezani mbele ya Heilwig. "Bi Heilwig, mwinyi Henning amekufa. Na mwinyi mdogo," akatazama sakafu, "amesema, yaani, amekufa."

Heilwig alimwona. Miaka mitatu wamelima pamoja, Jes hajawahi kutazama sakafu akizungumza naye. Swali lilimpanda mpaka kwenye ulimi: umeuona mwili wake? Alijua ndugu mmoja tu wa kiume akibaki hai, yeye kesho yu kwenye kile chumba cha dirisha moja. Alijua pia mstari wa hati, na viganja vyake vilikuwa vya mkulima. Akalimeza swali. Akasema tu, "Pole kwa wanao, Jes."

Mzee Detlev aliposikia, hakumaliza wiki.

Siku ya mazishi Mchungaji wa kanisa akamkabidhi Heilwig nyundo, maana hakukuwa na ndugu mwingine. Akapiga ya kwanza, korongo akapasuka bawa. Akapiga ya pili, akapasuka shingo. Kabla ya ya tatu Heilwig akageuka akamtazama Jes aliyesimama mlangoni. Jes akatazama sakafu. Heilwig akapiga.

Majira ya kupanda yalipofika, hakimu wa wilaya akaja na hati, ardhi iandikwe upya. Yeye, Mchungaji, Heilwig na Jes walikuwa wamekaa ghalani, kalamu imeshachovywa, mlango ukafunguliwa. Nani anaingia? Iven, amekonda, ananuka maziwa ya ng'ombe wa watu.

Mchungaji alipiga yowe kama kuku.

"Nimechoka kuwa maiti," Iven akasema. "Niko hapa, damu ya Grauholm. Mbao iliyovunjwa na mtu kwa kosa ni kuni tu. Shamba ni langu."

"Ulimwamuru Jes aseme umekufa?" hakimu akauliza, Jes alipokwisha kusimulia ya bandani.

"Nilikuwa na wazimu wa huzuni! Mtumishi mwenye akili angengoja unitoke."

Jes akainuka polepole. "Nimeamriwa tangu nilipozaliwa, na baba yangu aliamriwa, na babu yangu. Mlipowataka wanangu wawabebee masanduku, niliwatoa. Uliposema sema nimekufa, nilisema. Amri ipi basi nilitakiwa nisiitii? Mimi nimelima hapa miaka arobaini. Ngao imevunjwa. Hati inasema wanaoilima."

"Na ulijua inasema hivyo uliponidanganya," Heilwig akamwambia.

"Nilijua, Bi Heilwig. Na wewe ulijua ulipoacha kuniuliza."

Heilwig akainua viganja vyake, sugu juu ya sugu. "Sikatai. Lakini mwenye damu alijizika mwenyewe, na mwenye jembe aliuza neno lake. Nyundo niliishika mimi, na plau niliishika mimi. Ukoo umekufa, mimi si binti wa kabaila tena, hata kile chumba nilichoandikishiwa si changu. Wote wawili mna pa kurudi. Iven ana banda lake, Jes ana kibanda chake. Mimi nikitoka mlango huu natoka kwenda wapi?"

"Kibanda changu kina vitanda viwili vitupu," Jes akasema. "Kama unataka kujua nilichobaki nacho."

Hakimu akavitazama vile viganja, akayatazama yale mabega ya Jes, akaitazama pua ndefu ya Iven, pua ya Wagrauholm, wino ukadondoka juu ya meza. Nje mbegu zilikuwa kwenye magunia na mvua ilishaanza kunyesha.

Haya, nyie wajuaji mliokaa mkitikisa vichwa tangu nilipoanza, shikeni kalamu. Aliyejiua kwa mdomo wake kisha akafufuka, aliyesema uongo kwa kutii, na aliyeufahamu uongo akapiga nyundo: je, kati yao nani alistahili Grauholm?