Kona ya Turubai

Pindo nene halitaki mguu, lataka mkono. Methali hii mmeisikia leo msibani, mkaniuliza imetoka wapi, kwa kuwa hamjaikuta kwenye vitabu vyenu vya shule. Mngeikutaje? Ilizaliwa hapa hapa Mbinga, nami nilikuwapo, tena nilikuwa upande wa waliokosea. Mambo yalikuwa hivi.

Kikundi chetu cha ushonaji kilikuwa na vyerehani vitatu vya zamani, vyeusi, vya chuma kitupu, kila kimoja kikibebwa na watu wawili. Mwenyekiti wetu, Mama Mbunda, alivichoka. Akasema viuzwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kila mtu akatafute riziki yake. Riziki yangu nyingine ilikuwa kurudi kwenye vibarua vya kulima mashamba ya watu, nami sikutaka hata kidogo. Wakati huo wakulima wa kahawa walikuwa wakitafuta wa kuwashonea maturubai ya kufunika vichanja vya kuanikia kahawa kabla ya mvua.

"Tuvijaribu kwanza," nikamsihi. "Vikiweza turubai, vibaki. Vikishindwa, viende."

Alikubali, lakini siku ya jaribio akamwita na mnunuzi aje na mkokoteni wake.

Nilikaa mimi kwenye cherehani, maana hakuna aliyenishinda kwa mbio. Mikunjo miwili ikapita. Minne ikapita, kina mama wakapiga vigelegele. Ndipo tukafika kwenye kona, mapindo mawili yanapokutana: mikunjo minane, migumu kama soli ya kiatu. Cherehani kikagoma. Badala ya kutulia, nikaongeza kasi ya miguu. Sindano ikavunjika. Nikaweka nyingine, nikakanyaga pedeli kwa hasira zaidi, nayo ikavunjika. Ikabaki sindano nene moja tu, na mnunuzi akaanza kufungua kamba zake.

"Dada Oliva, nipishe kidogo," akasema Eufrasia Hyera.

Huyu alikuwa mtu wa polepole. Sare moja ya shule aliishona wiki nzima, nasi tulimtania kwamba mtoto atamaliza darasa la saba kabla haijaisha.

"Mimi nimeshindwa, utaweza wewe?"

"Wewe una haraka. Nipishe."

Akakaa, akaweka sindano, kisha akaondoa miguu kabisa kwenye pedeli na kuikunja chini ya kigoda. Akashika gurudumu la pembeni kwa mkono, akalizungusha taratibu. Sindano ikazama nusu, ikakwama. Hakulazimisha. Akarudisha nyuma kidogo, akaja tena mbele, ikapita. Mshono mmoja. Akavuta pumzi, akaanza wa pili. Sote tukahesabu mishono, hadi tisa. Alipotoka kwenye kona akarudisha miguu, akaendelea kukanyaga kama kawaida.

Mnunuzi aliishika ile kona, akaivuta kwa nguvu zake zote. Haikuachia hata uzi.

"Na turubai la mkokoteni mnashona?" akauliza. Tulicheka mpaka Mama Mbunda akafuta machozi. Vyerehani vikabaki.

"Umefanyaje?" nikamuuliza Eufrasia.

"Pindo nene halitaki mguu," akasema, "lataka mkono."

Mimi nikadhani ananifundisha kushona. Mwaka uliofuata mume wangu akafariki. Nilitaka kumaliza yote kwa wiki moja: kilio, shamba, ada za watoto, maneno ya ndugu zake. Sikulala, sikula, mwishowe nikaanguka. Eufrasia akaja, akaketi kitandani kwangu. Mbele yetu hapakuwa na kitambaa wala uzi, lakini akaniambia maneno yale yale.

"Leo pika uji tu," akaongeza. "Shamba ni la kesho."

Nikapika uji. Kesho yake nikapalilia mstari mmoja, keshokutwa mwingine. Nililia sana mwaka ule, wanangu, lakini nilivuka. Tangu hapo, mtu wa hapa akielemewa, hatumwambii ajikaze. Tunakaa naye, tunamwambia: pindo nene halitaki mguu, lataka mkono.