Maneno Yalivyopata Chumba Kichwani

Tegeni masikio, jamaa zangu, na ushahidi muupime. Mashahidi wote wanakubaliana kwamba hapo kale binadamu walielewa maneno lakini hawakuweza kuyasema. Zimwi peke yake ndiye aliyesema, naye alidai ameyafungia maneno ndani ya kibuyu chake.

Siku moja alimkamata mtoto wa Mwanakheri, msuka mikeka. "Niombe kwa maneno, nikurudishie," akamwambia Mwanakheri. "Huwezi? Basi nampika kwa nazi."

Mwanakheri akakipora kibuyu, akanywa. Funda la kwanza lilishuka tumboni, tumbo likanguruma. "Hiyo njaa, mama!" Zimwi akacheka. Funda la pili lilikwama kifuani. "Hicho kikohozi, kanywe tangawizi!" Funda la tatu lilipanda kichwani kutafuta pa kukaa. Chumba cha macho kilijaa, cha pua kilijaa. Likabisha hodi chumba kinachoongoza vidole, kilichozoea kupanga chane za ukindu za kusukia mikeka, moja baada ya nyingine. Humo maneno yakajipanga kama mkeka.

"Nirudishie mwanangu!" Mwanakheri akasema, wala hakukoma. Alimsema Zimwi juu ya kucha zake, chungu chake kisichosuguliwa na malezi aliyopewa, mpaka adhuhuri.

"Mchukue, bibi wee, nipumzike!" Zimwi akalia.

Hapo mashahidi wanagawanyika. Chura anaapa kwamba maneno yalitoka kibuyuni. Kenge anaapa kwamba kibuyu kilikuwa na maji matupu, na vidole vilikwisha kuandaa kila kitu. Mimi sikuwepo. Itazameni mikono yenu inavyocheza mnapobishana, kisha amueni wenyewe.