Kitambaa Kilichokataa Rangi

Ndugu zangu, leo nataka niwapeleke uani kwa mama mmoja, penye jiko la mkaa na sufuria kubwa ya maji yanayochemka. Hapiki ubwabwa, msianze kumeza mate. Anapika nguo.

Mama huyu alikuwa hajakanyaga kanisani miaka mitatu. Mama yake mzazi alipooza, na hakukuwa na mwingine wa kumgeuza kitandani wala kumlisha. Jumapili zikapita. Waumini wenzake, wale wanaojua kila kitu, wakasema, "Yule ameshapoa." Walikwenda kumwona? Hawakwenda. Walisema tu. Mgonjwa alipofariki na matanga kuisha, mama huyu akabaki na nyumba iliyo kimya na aibu ambayo hakuitafuta. Alitamani kurudi, lakini kila akifikiria macho ya watu, miguu ilikuwa mizito.

Basi akina mama wa kanisa wakaandaa igizo la Krismasi. Mmoja wao akamfuata nyumbani, akamwambia, "Wewe ni mrefu, njoo utuigizie mfalme mmoja wa kutoka mashariki. Kila mtu anajitengenezea vazi lake. Lako liwe la zambarau."

Mfalme! Alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akaingia ndani akalia, maana alijua kwamba akiiacha nafasi hii impite, hatapata tena ujasiri wa kurudi.

Sasa, vazi. Kabatini alikuwa na shuka jeupe, pana, la kutosha joho zima. Lakini lilikuwa lile la mgonjwa. Lilifuliwa kila asubuhi kwa miaka mitatu mpaka likawa jepesi, ukiliinua unaona mwanga upande wa pili. Akasema moyoni, "Nirudi kanisani na hili tambara? Watasema nimekuja na kitanda changu." Akaenda dukani akanunua kitambaa kipya, cheupe, chenye kung'aa, kigumu hata ukikikunja kinalia kama karatasi. Akachukua na pakiti mbili za rangi ya unga.

Siku moja kabla ya igizo, asubuhi, akawasha jiko. Akatia rangi, akatia chumvi, akakizamisha kitambaa, akakoroga kwa mwiko wa ugali mpaka mkono ukaingia ganzi. Alipokitoa na kukisuuza, jamani! Rangi ikashuka yote na maji. Yakabaki mabaka, hapa zambarau kidogo, pale weupe mtupu. Akakirudisha sufuriani, akakoroga tena. Yale yale.

Akakaa kwenye kigoda. Mnajua alichofikiri? Hakufikiri kwamba kitambaa kina kasoro. Alifikiri Mungu amemjibu. Akasema, "Ndiyo hivyo. Sitakiwi." Akamwita jirani yake, fundi wa batiki, amsaidie kupeleka ujumbe kwa akina mama kwamba anaumwa, watafute mfalme mwingine.

Jirani hakwenda popote. Alikishika kile kitambaa, akakifikicha kwa vidole.

"Dada, ulikifua kabla ya kukitia rangi?"

"Nikifue cha nini, na ni kipya?"

"Hapo ndipo penye tatizo. Kina dondo. Ugumu wote huu na mng'ao huu ni wanga, wamekipaka kiwandani kipendeze dukani. Rangi inafika inakuta pamejaa. Huna kitu kilichokwisha kufuliwa sana?"

"Ninalo shuka la marehemu mama. Limechoka, linatia aibu."

"Hebu lilete hilo."

Pakiti ya pili ikatiwa. Shuka likazama, na wote wawili wakaona maji ya sufuria yanavyopoteza rangi kidogo kidogo, kwa jinsi lilivyokuwa linaivuta, mpaka yakabaki karibu meupe. Lilipoanikwa, zambarau ilikuwa imekoza kiasi kwamba jirani, ambaye hiyo ndiyo kazi yake, alirudi kuligusa mara ya pili. Mama yule akalikumbatia likiwa bado bichi. Gauni lake likaharibika pale pale, wala hakujali. Kesho yake aliingia kanisani kwa mlango mkubwa, mbele ya watu wote, kichwa juu.

Wapendwa, ile miaka mitatu ambayo watu waliiita kupoa, kumbe ilikuwa ni kufuliwa. Kila asubuhi aliyoinama juu ya beseni, Mungu alikuwa anamtayarisha, na yeye akidhani anachakaa tu. Na wewe uliyekaa nyuma kabisa karibu na mlango, unayesema ngoja kwanza nijitengeneze, ngoja nipate kitu kipya cha kumletea Bwana, nani amekwambia anataka kipya? Mlete huyo huyo aliyechoka. Huyo ndiye atakayeshika rangi.

Nawaona wa viti vya mbele mnatikisa kichwa, mnamhurumia mwenzenu wa nyuma. Sisi je? Sisi tunaong'aa? Tumetiwa rangi ya Neno kila Jumapili kwa miaka ishirini, na tukifika getini tayari tunamsema mtu. Neno linafika linakuta pamejaa cheo, pamejaa jina, pamejaa mimi. Tuna dondo, ndugu zangu. Na mchungaji wenu ndiye wa kwanza.

Lakini msitoke hapa mmekata tamaa. Mmesahau kuniuliza kile kitambaa kipya kiliishia wapi. Mnadhani jirani alikitupa? Alichota ndoo ya maji, akakizamisha, akasema, "Kilale humu mpaka kiishe ukaidi, halafu tutakitia rangi."

Tusimame tuombe. Tuombe kulowekwa.