Kalunguyeye Aliyejibu Sijambo

Paukwa!

Pakawa!

Mbona wewe wa nyuma umeitikia kwa mbali? Haya, nitakurudia.

Hapo zamani za kale palikuwa na nchi ya Kanga. Kanga ni watu wa makelele. Akichomwa na mwiba, kekekeke! Akipotelewa na yai, kekekeke! Wenzake wanakuja mbio, wanalia naye, wanamkanda, wanamsengenya kidogo. Jioni amepona.

Ukame ukamleta huko Kalunguyeye, mjane, na mtoto wake mmoja. Kwao Kalunguyeye kelele ni aibu. Ukiulizwa "Hujambo?" unajibu, "Sijambo, na wewe je?" Ukisema "Sijambo" ukanyamaza, usimuulize mwenzio hali, basi moyo wako umeanguka. Hapo majirani hawaulizi tena. Wanaingia ndani, wanakuwashia moto, wanakulisha kwa mkono, wanakaa mlangoni mpaka ujikunjue.

Kanga hawakulijua hilo. Nani angewaambia?

Siku moja mwewe akashuka, vuuu! Akamnyakua yule mtoto. Kanga wote wakalia, bonde zima likatetemeka. Kalunguyeye hakulia. Alijikunja akawa duara la miiba, akaingia tunduni mwake.

Asubuhi akaja Bi Madoa, mkubwa wa Kanga, na shoga yake Bi Kishungi.

"Hodi! Hujambo, jirani?"

"Sijambo."

Kimya.

"Umesikia?" Bi Kishungi akanong'ona, na mnong'ono wa kanga unafika ng'ambo ya mto. "Mtoto kachukuliwa jana, leo yeye hajambo! Hata hali zetu haulizi!"

"Maringo hayo, shoga. Ana miiba mpaka ulimini."

Siku ya pili wakaja. "Hujambo?"

"Sijambo." Sauti imepungua.

Siku ya tatu wakaja. "Hujambo?"

"Sijambo." Sauti kama mchwa anatembea juu ya jani kavu.

"Basi akae na sijambo yake!" Wakaenda zao. Na umbea ule ulikuwa mtamu, nisiwafiche. Waliutafuna siku saba, mfupa na uboho.

Kisha akatokea kaka yake Kalunguyeye, vumbi mpaka puani.

"Shikamooni, mama zangu. Dada yangu hajambo?"

"Marahaba. Hajambo sana! Kila tukimwuliza, hajambo."

"Naye akawauliza hali zenu?"

"Thubutu! Yule na maringo yake?"

"Mlimwuliza mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Mara tatu kawaita, nanyi mkarudi makwenu?"

Akaingia tunduni, Kanga nyuma yake. Duara la miiba liko pale pale. Akalisukuma kwa pua. Likabingirika, jepesi, kama kifuu. Siafu walishamaliza ndani.

"Si angelia!" Bi Madoa akapiga yowe. "Kwa nini hakulia?"

"Alilia, mama. Kwetu huko ndiko kulia."

Kanga wakaomboleza, kekekeke, siku tatu. Marehemu hakufaidi hata moja. Yule kaka alikaa pembeni mle tunduni, miiba imelala. Bi Madoa akamsogelea.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo."

Kimya.

Bi Kishungi akafungua mdomo. Bi Madoa akamfinya ubawa. Hakuuliza tena. Akakusanya kuni, akawasha moto, akatafuta mchwa, akamlisha mmoja mmoja, akakaa mlangoni. Kanga, kimya! Kutwa! Ilimuuma kuliko mwiba. Lakini hakuondoka.

Basi sikilizeni, wakubwa na watoto. Kila watu wana kilio chao, na mwingine kilio chake ni kunyamaza. Ukimpima mwenzio kwa kilio cha kwenu, utamwita mwenye maringo, kumbe unamzika.

Hadithi yangu imekomea hapo, mlangoni pa marehemu. Na wewe wa nyuma, hujambo?