Dakika Kumi na Moja za Mnara wa Lupando

Hapo zamani, na wala si zile za fisi na sungura, ni hizi za juzi tu ambapo kila bibi ana simu kwenye pindo la kanga, palikuwa na kijiji cha milimani kiitwacho Lupando. Lupando palikuwa na minara miwili. Mkubwa ulisimama ng'ambo ya bonde, haulali, kazi yake kupeleka sauti. Mdogo ulisimama kilimani juu ya zahanati, na huo ndio uliokuwa na nguvu ya kupeleka picha. Lakini mdogo uliishi kwa jua, na Lupando mawingu hayabanduki. Basi wenye kampuni ya simu wakaamuru ulale, uamshwe pale tu unapohitajika.

Kuuamsha sasa, hapo ndipo penye shughuli. Ukipiga simu ya picha, mnara mkubwa unauita mdogo. Mdogo unaamka kivivu, unawasha hiki, unawasha kile. Ukishaamka ndipo simu inaambiwa iutafute. Simu inautafuta, inaupima nguvu, inarudisha majibu. Mkubwa unaungoja mdogo, mdogo unaingoja simu, simu inaungoja mkubwa, na kiduara kwenye kioo kinazunguka tu. Dakika kumi na moja nzima.

Bibi Tusekile alizijua dakika hizo kuliko mtu yeyote. Mwaka uliotangulia, binti yake Ipyana alikwenda zahanati kujifungua. Kichwa cha mtoto kikatoka, mabega yakakwama. Nesi Subilaga akampigia daktari wa wilayani. Daktari akasema kwamba asipoona mtoto alivyokaa, hawezi kumwelekeza nesi mkono upite wapi, na kwamba mtoto aliyekwama hivyo ana dakika tano, basi. Bibi ndiye aliyeshika simu. Mkubwa ukaungoja mdogo, mdogo ukaingoja simu, simu ikaungoja mkubwa. Picha ilipofika, daktari aliona watu wanalia. Mtoto akazikwa bila jina.

Bibi Tusekile hakumtukana mtu. Alifanya jambo gumu zaidi: alimwendea kila aliyehusika, akauliza swali moja tu, kwa nini mnachelewa hivyo?

Alianza kwa Ambakisye, fundi wa mnara, ambaye ndiye hasa aliyekuwa akiulaza. Ambakisye alirudi nyumbani, akapanda kwenye paa lake, akang'oa sola yake mwenyewe na kuifunga mnarani. Tangu siku hiyo mnara haukulala tena fofofo, ulisinzia tu, jicho moja wazi. Dakika nne zikaondoka. Nyumbani kwa fundi wakarudia kibatari, na mkewe akamnunia wiki mbili.

Kisha bibi akamwuliza nesi. Subilaga alikuwa bado hajapona moyoni. Fundi alimweleza kwamba simu iliyoupima mnara siku hiyohiyo haina haja ya kuutafuta upya, inajua pa kuuelekea. Ila mnara unaosinzia sauti yake ni hafifu, hausikiki mpaka upande kilimani. Na kipimo cha jana hakifai, huchacha kama uji. Basi kila asubuhi, kabla ya kufungua zahanati, nesi alipanda kilima na simu ya kazi mkononi, iwe mvua iwe jua, na goti lake bovu. Dakika tatu zikaondoka.

Mwisho bibi akapiga simu kampuni. Alizungushwa siku nne, huyu anamrusha kwa yule, mpaka akaangukia kwa mhandisi mmoja wa mjini, Rukia. Rukia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajiuliza, kwani lazima wangojane? Akaupanga upya utaratibu: mnara mkubwa uite mdogo na simu kwa pamoja, na mdogo ukifumbua macho tu upaze sauti "nipo hapa", usisubiri zamu yake. Wakubwa wake walikataa, wakihofia kuvuruga. Rukia akawaambia wajaribu Lupando peke yake, na ikiharibika atawaachia kiti chao. Dakika tatu nyingine zikaondoka. Ikabaki moja.

Ipyana akapata mimba tena, siku zikatimia. Kichwa kikatoka, mabega yakakwama. Bibi akashika simu. Kiduara kikaanza kuzunguka, naye akaanza kuhesabu. Hajafika sitini, uso wa daktari huo hapo. Daktari akasema mama apige magoti, mikono chini, nesi apitishe mkono nyuma, autafute mkono wa mtoto. Dakika mbili hazikwisha, mtoto wa kike akalia. Bibi akakaa chini sakafuni akalia kumshinda mtoto.

Sasa sikilizeni desturi ya Lupando. Mtoto aliyeokolewa akizaliwa hupewa jina la aliyemwokoa, awe mume awe mke. Mtu huyo ndiye somo wake, na ndiye humpokea mtoto mikononi mwa bibi mzaa mama na kumvusha kizingiti, aione nje kwa mara ya kwanza. Somo ni mmoja. Bibi akishampa mtu mtoto, neno limekwisha.

Siku ya kumtoa mtoto ikafika. Rukia alisafiri siku mbili, akaja na viatu visivyojua tope. Wote watatu wakasimama nje ya mlango.

Ambakisye akasema, "Mama, mnara uliolala fofofo hausikii hata ukiitwa na watu wawili. Hawa wawili wasingekuwa na cha kupima wala cha kupanga. Ni kweli mimi ndiye niliyekuwa nikiulaza. Ndiyo maana nalitaka jina hili. Nataka nimbebe aliye hai."

Rukia akasema, "Wenzangu wamepunguza usingizi na kutafuta. Kungojana kungebaki palepale. Sikuwahi kuwaona kabla ya leo, bibi, lakini sauti yako sikuweza kuisahau, na kazi yangu niliiweka rehani kwa ajili yenu."

Nesi, aliposukumwa, akasema, "Dakika zangu zilikuwa tatu tu, na nilizifuata kila siku ya Mungu. Wao walifanya mara moja. Yule wa kwanza alifia mikononi mwangu."

Bibi akamgeukia binti yake. Ipyana akasema taratibu, "Ningempa jina la dada yake, mama. Lakini hakuwahi kupata."

Wote walijua hesabu. Ungemtoa mmoja wao, yeyote, dakika tano zingekwisha kabla nesi hajamaliza kazi yake.

Bibi Tusekile amesimama ndani ya kizingiti, mtoto mikononi. Fundi anamwangalia nesi, nesi anamwangalia Rukia, Rukia anamngoja bibi. Mikono jozi tatu imenyooshwa, na mtoto ameanza kulia. Haya, ninyi mliokaa hapa, msimcheleweshe na ninyi: bibi ampe nani?