Waliosimama, Kutoka Kushoto

Ndugu zangu, kaeni. Wale mliojibana huko nyuma sogeeni, viti vya mbele haviumi mtu. Leo sina maneno mengi. Nina mzee mmoja tu nataka mumjue.

Mzee huyu alikuwa mwalimu, akastaafu. Mkewe alishamtangulia. Watoto wana maisha yao huko waliko, wanapiga simu wakikumbuka, na wakipiga wanauliza dawa unakunywa, anajibu nakunywa, basi, simu imekwisha. Sebuleni kwake kulikuwa na viti sita, na vitano kati ya hivyo vilikuwa bado na kitambaa chake kama vilivyotoka kwa fundi. Mnaelewa maana yake? Kuna siku alikuwa anafika jioni hajatumia sauti yake hata mara moja, akitaka kumsalimia jirani inabidi akohoe kwanza ili itoke. Alikuwa mpweke, ndugu zangu, wala hakumficha mtu.

Sasa alikuwa na jambo moja la kujivunia. Ujanani, alipokuwa chuo kikuu, alicheza mieleka. Alikuwa katika timu ya chuo, na mwaka wake wa mwisho alimwangusha bingwa wa chuo jirani mbele ya umati, mabega yote mawili chini. Akisimulia, watu wanacheka. "Mieleka, mwalimu? Chuo kikuu? Si mpira?" Mpira wanaujua. Mieleka wanadhani anatia chumvi. Mtu pekee aliyeamini habari ile bila kuuliza maswali alikuwa mkewe, na mkewe ndiyo hivyo tena.

Siku moja akasikia redioni kwamba chuo kile kinatengeneza upya picha za timu zake za zamani, na waliosoma hapo wanakaribishwa kuja kuzitazama. Hakupoteza muda. Kesho yake alivaa suti, akapanda basi la kwanza, akafika.

Picha zilikuwa zimetundikwa ukutani kwenye korido ndefu ya jengo la michezo. Timu za mpira zilijaa, mwaka baada ya mwaka: hawa wamesimama, wale wamechuchumaa, na katikati mpira ulioandikwa mwaka kwa chokaa. Chini ya kila picha majina yamepigwa chapa, hakuna hata moja lililokosekana. Waliosimama, kutoka kushoto: Lyatuu, Nkwera, Mwambungu. Waliochuchumaa, kutoka kushoto: fulani na fulani. Hata daktari wa timu, aliyekatwa nusu ya uso na fremu, alikuwa na jina lake. Mzee akazipita zote bila kusimama. Mwisho kabisa wa korido, jirani na mlango wa choo, akaiona timu ya mieleka. Ilikuwa picha moja tu.

Vijana tisa, vifua wazi, wamekunja mikono, na kila mmoja ameficha ngumi chini ya msuli wa mkono ili uvimbe uonekane mnene. Mzee akacheka peke yake, maana ile hila yeye ndiye aliyewafundisha wenzake. Akajitafuta, akajiona: mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kushoto, shingo nene, nywele tele. Kisha akashusha macho kwenye majina. La kwanza lilikuwapo. La pili, nukta tupu. La tatu, nukta tupu. Kuanzia la nne majina yaliendelea vizuri mpaka mwisho.

Wa tatu ni yeye. Alisimama pale akizitazama zile nukta mpaka miguu ikamuuma. Semeni ukweli, nani kati yetu hajawahi kusimama mahali kama pale? Umefanya kazi, umejitoa, siku ya shukrani wanasomwa wengine wote, wewe unarukwa. Inauma. Mimi simlaumu mzee kwa kuumia.

Akaingia ofisini, akamkuta mama wa makamo anayetunza kumbukumbu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kwenye picha ya mieleka mmeniacha. Mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kushoto, ni mimi. Andika."

Yule mama akavua miwani. "Pole sana, baba yangu. Nikikutazama naona kabisa ni wewe. Lakini hapa tuna utaratibu: mtu hajitaji mwenyewe. Jina lako lazima litajwe na mwingine aliyemo kwenye picha ileile."

"Kwa nini lakini?"

"Kwa sababu zamani tulikuwa tunamwandika kila anayekuja kujitaja. Ile timu ya mpira iliyochukua kombe, baba, ilifika wachezaji thelathini na wanne."

Mzee hakucheka. Yule mama akamweleza kwamba siku ya mwisho ya mwezi, saa kumi, fundi atakuja kuchukua orodha, na majina yatachongwa kwenye vibao vya shaba. Penye nukta patachongwa neno moja: Hajulikani. Akampa nakala ya picha aende nayo, akamtakia safari njema.

Hajulikani! Mtu amebakiwa na kitu kimoja duniani, na hicho kimoja wanataka kukichongea Hajulikani, tena kwa shaba. Mngekaa kimya? Naye hakukaa. Alianza kuwatafuta wenye majina, wale saba. Watano walishazikwa. Wa sita alimpata kwa simu, lakini aliyepokea ni binti yake, akasema baba siku hizi hata sisi hatutambui. Akabaki mmoja, nahodha wa timu, anayeishi mkoa mwingine, safari ya kutwa nzima. Akaenda.

Nahodha alimpokea vizuri mno. Chai, maandazi, kelele nyingi. Mzee akaiweka picha mezani, na kabla hajafungua kinywa, kidole cha nahodha kilishafika kilipotaka kwenda. Mnakijua kile kidole? Msinitazame hivyo, kila mtu anacho. Mpe mtu picha ya watu mia moja, aliyemo humo atajitafuta mwenyewe kwanza.

"Huyu mimi! Hebu tazama kifua hicho! Mwaka ule, ndugu yangu, hakuna aliyenigusa."

Akaanza kusimulia, na masimulizi yakamaliza birika zima. Mzee akangoja, akangoja, mwishowe akaisogeza picha.

"Na huyu wa tatu unamkumbuka?"

Nahodha akaisogeza machoni, akaiondoa, akaisogeza tena. "Huyu... ngoja kwanza. Huyu si yule aliyekuwa akitupikia kambini?"

"Ni mimi," mzee akasema.

"Ala! Ni wewe! Nisamehe, bwana, uzee huu!" Akamkumbatia kwa nguvu, halafu akamwita kwa jina la mtu mwingine.

Angeweza kumwambia jina lake na kumwomba aandike barua. Nahodha angeandika bila kinyongo. Lakini mzee wetu alikuwa mwalimu, maisha yake yote alikuwa akiwanyang'anya karatasi watoto wanaonong'onezana majibu, na moyo wake ukakataa. Alimaliza chai, akaaga, akapanda basi kurudi. Njia nzima alikaa na picha mapajani, imefunikwa uso chini. Alilia, ndugu zangu. Mtu mzima ndani ya basi, alilia.

Siku ya mwisho ya mwezi akaenda chuoni. Hakuwa na ushahidi wowote. Alikwenda tu kurudisha nakala ya picha, na pengine kumbembeleza yule mama. Alipoingia, mama akainuka kwenye kiti.

"Baba, ulipotelea wapi? Jina lako limeshaletwa!"

Akampa karatasi. Lilikuwapo lote: lake, la baba yake, la babu yake, mpaka kijiji alikozaliwa. Mzee akatafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Nani ameleta?"

"Mzee mwenzio. Alikuja Jumanne, anatembea kwa mkongojo, goti la kushoto halikunji. Alisimama mbele ya picha yenu muda mrefu, kisha akaja hapa akaniambia, andika, huyu wa tatu ni fulani, mtoto wa fulani. Alimwangusha bingwa, mabega yote mawili chini, nilikuwapo. Nikamwuliza, na wewe uko wapi kwenye picha? Akaweka kidole kwa wa pili, hapo ubavuni pako. Ana sikio limekunjamana, baba. Nikalilinganisha na la pichani, ni lilelile."

Mzee akawa anatabasamu na machozi yanamtoka. Miaka yote ile alikuwa akidhani hakuna mtu duniani anayemkumbuka, kumbe yuko mmoja, na anajua mpaka babu yake. "Basi na lake umeliandika," akasema.

"Nililiomba. Akakataa. Alisema utaratibu wenu ni mzuri, mwanangu, usiuvunje kwa ajili yangu. Langu atalileta huyu mwenzangu. Akasema mlifanya mazoezi pamoja kila jioni, miaka mitatu, nyinyi wawili. Akasema, hawezi kunisahau huyo, mimi ndiye niliyekuwa naangushwa ili yeye ajifunze. Akacheka, akaenda zake." Yule mama akafungua kalamu, akavuta orodha. "Haya, baba. Nimekuwekea nafasi. Anaitwa nani?"

Mzee akainama juu ya picha. Sasa akamtazama mtu wa pili, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza. Alimfahamu. Alifahamu uzito wake, maana aliunyanyua jioni baada ya jioni. Alijua kwamba ukimvuta kulia anachelewa, na lile goti la kushoto liliumia siku gani, chini ya nani. Alikumbuka alivyokuwa akijifuta vumbi na kusema, "Tena." Kijana yule hakuwahi kupanda ulingoni siku ya mashindano hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kuanguka. Na jina lake? Mzee akatafuta mwanzoni mwa miaka ile mitatu, akatafuta mwishoni. Alikuwa akimwita Wewe. Wewe, njoo. Wewe, simama. Wewe, tena.

"Hakuacha simu?" akauliza kwa haraka. "Getini, hawakumwandika kwenye kitabu?"

"Mlinzi aliona mzee wa mkongojo, akampisha tu." Mama akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa imebaki robo kufika saa kumi. "Baba, anaitwa nani?"

Mzee akaigeuza picha, akatafuta mgongoni mwake. Palikuwa patupu.

Saa kumi fundi akaja, akachukua orodha. Kibao kipo pale mpaka leo, jirani na choo. Waliosimama, kutoka kushoto: jina, kisha Hajulikani, kisha jina la mzee wetu, kamili, zuri, kwa shaba. Alikuwa amekipata kile alichokitafuta. Nasikia hakwenda kukitazama.

Basi, mmeshamhukumu? Naona wengine mnatikisa vichwa. Taratibu. Sisi tukipiga magoti, tunamwambia Mungu nini? Bwana, wamenisahau. Bwana, nilijitoa na hakuna anayeniona. Tunayasema kwa machozi, na ni kweli, tumesahauliwa, upweke wetu si wa kuigiza. Lakini tumeshawahi kumuuliza Mungu swali la pili: Bwana, mimi nimemsahau nani? Nani alianguka ili mimi nijifunze kusimama? Yule uliyesoma naye dawati moja, akakueleza hesabu mpaka ukaelewa, ukapita wewe akabaki yeye, anaitwa nani? Yule dada aliyewalea watoto wako mpaka wakaanza shule, ukiwa kazini unapandishwa vyeo, jina lake la ukoo ni nani, na kwao ni wapi? Huenda asubuhi ya leo, mahali fulani, anawasimulia watu habari zako njema. Huenda anasema, hawezi kunisahau huyo.

Na mimi nisijifiche nyuma ya mimbari. Kila Jumapili nakuta hapa glasi ya maji imefunikwa kitambaa safi. Miaka minne nakunywa maji hayo. Miaka minne nasema, "Asante, mama." Wiki hii nilipokuwa nikiandaa maneno haya, kalamu ilinigomea mkononi. Sijui anaitwa nani.

Kwa hiyo leo hatupeani mikono haraka haraka kama kawaida yetu. Kila mmoja amgeukie aliyekaa kushoto kwake, yule unayemwona kwenye kiti hicho kila wiki, amtaje kwa jina. Usiseme dada. Usiseme mzee wangu. Usiniambie Mama Fulani, hilo ni la mtoto wake, nataka lake mwenyewe.

Haya, nawasikiliza.

Mbona mnainamisha vichwa? Sijasema tuombe. Nimesema mtajeni.