Matanga ya Chemchemi

Jiwe la hasira, fimbo ya dhalimu. Mmeisikia sokoni, sasa mmeniganda niwaeleze ilikotoka. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Tajiri mmoja, Bwana Sururu, aliizungushia ua chemchemi ya kijiji, akaweka walinzi. Watu walisema, wakabembeleza, wakachoka. Ndipo Bi Zamda, mama aliyezoea kusimamia misiba, akasema, "Maji yetu yamekufa. Twendeni tukayakalie matanga."

Wakatandika mikeka langoni, wakaketi kimya kama wafiwa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bwana Sururu alifoka wapigwe, walinzi wakatazama chini. Nao walizaliwa na watu; nani ampige mtu matangani?

Mwinjuma, ambaye mkewe alikuwa amejifungua juzijuzi, hakuelewa kitu. Nyumbani wanakunywa maji ya dimbwi, mtoto anaharisha, na wao wameketi tu! Mapambano gani haya? Siku ya nne hasira zikampanda, akaokota jiwe, akalivurumisha. Likampasua mlinzi mmoja paji la uso.

Alitazamia kumwona Bwana Sururu akitetemeka. Lo! Alimwona akitabasamu, mara ya kwanza tangu matanga yaanze.

"Mmeona?" tajiri akawaambia walinzi. "Hawa si wafiwa, ni wahuni. Wapigeni!"

Safari hii wakatii. Mikeka ikatapakaa, watu wakakimbia, Bi Zamda akavunjwa mkono.

Jioni Mwinjuma alimwendea, akili imemvurugika. "Mama, nimempiga adui yetu. Mbona yeye ndiye aliyefurahi?"

"Siku tatu alitafuta fimbo ya kutupigia, mwanangu, asiipate," Bi Zamda akamjibu. "Leo umemkabidhi wewe."



Kesho yake wakatandika mikeka tena. Mwinjuma alikaa mbele kabisa, mikono ameikalia. Yule mlinzi mwenye kidonda akamjia, akamzaba kofi, kisha la pili. Machozi yalimtoka Mwinjuma, hata mwenyewe hakujua kama ni ya maumivu au ya aibu, lakini hakuinuka. La tatu halikumfika. Mlinzi alibaki na mkono hewani, akamtazama Bi Zamda na mkono wake uliofungwa vibanzi, akageuka, akaenda kulifungua lango. Bwana Sururu alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na hakuna mlinzi aliyemsikiliza.

Wanawake wakaingia na ndoo zao. Mwinjuma akateka maji ya mwanawe, na kila aliyemuuliza mbona hakurudisha makofi alimjibu neno lile lile: jiwe la hasira, fimbo ya dhalimu.